Wamesema ni dharura: maswali yenu kuhusu interchenji iliyotolewa bila tenda

Wiki mbili hizi barua zenu zimekuwa swali moja limevaa nguo tofauti tofauti. Baraza la jiji limekaa, madiwani wamenyoosha mikono, kazi ya kujenga makutano ya barabara za juu, hiyo interchenji mnayoizungumzia kila kona, imepita kwa utaratibu wa dharura na kontrakta keshapatikana bila tenda kutangazwa. Wengine mmefurahi maana foleni imewachosha, wengine mnanusa harufu ya dili. Nimechagua barua sita na nimezifupisha kidogo, mnisamehe, maana kuna mmoja kaandika kurasa saba na nne kati ya hizo ni matusi kwa mkurugenzi.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni dereva na hapo kwenye makutano napita kila siku. Hamna kilichoanguka, hamna kilichoungua, kuna foleni tu na hiyo foleni ipo tangu niko shule ya msingi. Sasa nasikia ni dharura. Hivi foleni ni dharura?

Marahaba. Foleni inauma, sikatai, ila kwenye manunuzi ya umma neno dharura halina maana ile tunayoitumia nyumbani tukisema nina dharura naomba unikopeshe. Lina masharti yake, na ukisoma sheria za sehemu mbalimbali utashangaa zinavyofanana, kama vile waliziandika wakiwa meza moja.

Chukua sheria ya mfano ya manunuzi ya umma iliyotolewa mwaka 2011 na UNCITRAL, kile chombo cha Umoja wa Mataifa cha sheria za biashara ya kimataifa, ambayo nchi nyingi zimeiga. Inaruhusu kuita makampuni machache na kujadiliana nao fasta pale uhitaji ni wa haraka, lakini inaweka sharti kwamba hiyo haraka isiwe kitu ambacho ofisi ingeweza kukiona kinakuja, na isiwe imetokana na uzembe wao wenyewe wa kuchelewa. Kumfuata kontrakta mmoja tu moja kwa moja kwa sababu ya haraka, hiyo wameiachia janga kubwa kabisa. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 nalo linaimba wimbo huohuo: tukio lisilotabirika, lisilosababishwa na mnunuzi mwenyewe, na hata likitokea unanunua kile tu kinacholazimu, huendi mbele zaidi. California kule Marekani sheria yao inasema dharura ni tukio la ghafla, lisilotarajiwa, lenye hatari ya wazi iliyo karibu, linalotaka hatua papo hapo ili kunusuru maisha, afya, mali au huduma muhimu kwa umma.

Kwahiyo jibu lako fupi ni hapana. Foleni ya miaka ishirini haijaja ghafla. Ingekuwa ghafla usingeikumbuka toka shule ya msingi.

Ila usinishike shati haraka, maana mimi na wewe hatujaona karatasi yote. Kuna mambo yanaweza kutokea hapohapo kwenye makutano yakaifanya dharura iwe ya kweli hata kama wewe ukipita huoni kitu. Mfano kontrakta wa kwanza kachimba shimo la msingi wa nguzo futi kadhaa chini, kaishiwa hela kakimbia, mvua zinakuja na ukingo wa barabara unayopita umebaki umening'inia juu ya shimo, hiyo ni dharura na sitabishana na mtu. Au tuta limeanza kupasuka na kushuka. Au lori limegonga nguzo ya daraja la zamani na mhandisi kasema lisibebe tena mzigo. Lakini angalia sasa, kwenye mifano hiyo yote dharura ni kuziba shimo, kuzuia tuta, kuegemeza daraja na kuwatengenezea watu njia ya mchepuko. Kujenga rampu nne mpya, zile njia za kupandia na kushukia, na daraja la juu la njia sita ni kazi nyingine kabisa na hiyo inaweza kusubiri tenda wakati shimo limeshazibwa. Ukiona tukio dogo limebeba mradi mkubwa mgongoni, hapo ndo pa kuuliza.

Mimi ni diwani, nimeingia baraza hivi karibuni. Tuliletewa karatasi ya kurasa mbili dakika chache kabla ya kikao, mwenyekiti akasema tusicheleweshe maendeleo, tukanyoosha mikono. Kusema kweli sikujua hata niulize nini. Ningeuliza nini?

Mheshimiwa, kwanza hongera kwa kuliandika, wenzio wengi wanaondoka na posho na hawarudi kuwaza.

Ningeanza na tarehe, kabla hata ya bei. Hiyo karatasi lazima iwe na ripoti ya mhandisi nyuma yake, yenye jina lake na sahihi, inayosema kimetokea nini na lini. Sasa wewe angalia tarehe ya ripoti halafu angalia tarehe ya kikao. Kama mhandisi aliandika kwamba hali ni hatari halafu ripoti ikalala kwenye droo miezi minane, basi hiyo siyo dharura tena, ni kuchelewa kulikovalishwa koti la zimamoto, na sheria ile niliyomtajia dereva hapo juu inakataa kitu hichohicho kwa maneno yake. Mimi nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hii kama mtaalamu mwalikwa, ripoti ilikuwa na doa la chai limeshakauka na kona zimejikunja, na mtu anasimama anasema jambo limejitokeza juzi.

Baada ya tarehe uliza mipaka. Kazi inaanzia wapi inaishia wapi, kiasi gani ndo kikomo ambacho mkurugenzi hawezi kukivuka bila kurudi kwenu, na bei imelinganishwa na nini, maana kuna makadirio ya mhandisi na kuna bei za kazi kama hiyo zilizofanyika karibuni, na mtu asiyekuwa na hata kimoja kati ya hivyo anakuomba usaini hundi umefumba macho. Uliza pia ni nani mwingine aliyeitwa. Jibu likiwa ni huyu tu, uliza kwa nini huyu. Wakati mwingine sababu ipo, mitambo yake iko mita mia mbili kutoka hapo na wafanyakazi wake wako kazini sasa hivi, hiyo naielewa. Jibu likiwa ana uzoefu, mheshimiwa, wenye uzoefu wako wengi.

Na swali ambalo hulisikii kabisa: dharura inaisha lini? Hapa wale California wana kitu ambacho mimi nakipenda sana. Kwa miji na taasisi zao za umma, baraza likitaka kuruka tenda linahitaji kura nne kati ya kila tano, siyo wingi wa kawaida, na linatakiwa liandike kwenye azimio ushahidi unaoonyesha kwamba kusubiri tenda kusingewezekana. Halafu kila kikao cha kawaida kinachofuata lazima walirudie lile jambo, wajiulize bado kuna dharura au imekwisha, na ikiisha waisitishe mapema iwezekanavyo, kazi iliyobaki itangazwe kama kazi nyingine. Hebu fikiria wewe kila kikao mkurugenzi anasimama kuwaeleza kwa nini bado ni dharura. Kikao cha tatu atakuwa ameshachoka mwenyewe.

Hata kama kwenu sheria haiwalazimishi, hakuna kinachowazuia kuyaweka hayo kwenye azimio lenu. Kikao kijacho omba ajenda irudi, si aibu kurudisha ajenda.

Naitwa kontrakta mdogo, niite hivyohivyo. Kila wakisema dharura anapewa mkubwa yuleyule. Kwani dharura maana yake ushindani umekufa?

Haujafa, na nina mfano ambao kila nikiusimulia watu wanadhani natunga. Tarehe 29 Aprili 2007 alfajiri, lori la mafuta lilipinduka likawaka moto kwenye makutano makubwa ya Oakland, California, wenyewe wanayaita MacArthur Maze. Moto ulikuwa mkali kiasi kwamba kipande cha barabara ya juu, njia ya I-580, kililegea kikaangukia barabara iliyo chini yake. Makutano yanayobeba magari ya mji mzima yamekatika. Kama kuna mahali pa kusema tumpe fulani tusiulize, ni hapo.

Hawakufanya hivyo. Kusafisha kifusi na kubomoa, ndiyo, walianza papo hapo. Lakini kwa kujenga upya waliyaita makampuni kadhaa yatoe bei kwa muda mfupi sana, na tarehe 7 Mei kazi ikawa imeshapata mwenyewe. Siku nane toka moto. Aliyeshinda, C.C. Myers, aliweka bei ya dola 867,075, ndogo kuliko hata gharama ya kazi, kwa sababu mkataba ulikuwa na bonasi ya dola 200,000 kwa kila siku atakayowahi mpaka kikomo cha dola milioni 5, na yeye alipiga hesabu zake akaona atailamba yote. Tarehe 24 Mei barabara ikafunguliwa, na bonasi akailamba kweli.

Sasa nikupe na pilipili kidogo. Wewe kontrakta mdogo usingeshinda ile kazi. Kushindana kwa siku nane kunamfaa yule ambaye tayari ana kreni, ana muuza chuma anayepokea simu usiku, na ana benki inayomuamini. Ndo maana miji inayojipanga haisubiri moto. Inatangaza tenda mapema, wakati wa amani, ya kupata makontrakta wa kusubiria: bei za kazi za kawaida mnakubaliana kabisa, mita ya ujazo ya zege bei hii, saa ya kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, bei hii, kuweka alama za mchepuko bei hii, na siku tukio likitokea unapigiwa simu unakwenda kwa bei ileile. Humo ndo mdogo anapata nafasi, kwenye mchepuko, kwenye kifusi, kwenye kalavati. Andikeni barua mdai orodha ya namna hiyo sasa. Moto ukishawaka mtakuwa mmechelewa.

Na kuna njia ya katikati ambayo maofisa wengi wanajifanya hawaijui. Tenda ya wazi inaweza kufupishwa. Ulaya muda wa chini wa kupokea zabuni kwenye tenda ya wazi ni siku 35, na pakiwa na haraka yenye sababu unaweza kushushwa hadi siku 15. Kati ya kusubiri miezi sita na kutosubiri kabisa, kuna siku 15.

Mimi nasoma uhandisi ujenzi mwaka wa tatu. Tunaambiwa daraja linachukua miaka, halafu naona kuna sehemu limejengwa siku 12. Kuruka tenda kunaokoa muda kiasi gani hasa?

Swali hili limenifanya niache chai ikapoa.

Hiyo ya siku 12 nadhani unaisema Philadelphia. Tarehe 11 Juni 2023 lori la mafuta liliwaka chini ya barabara ya I-95, daraja likaanguka, gavana Josh Shapiro akatangaza hali ya maafa, na tarehe 23 Juni magari yakawa yanapita. Ila angalia walifanya nini. Hawakujenga daraja. Walijaza lile pengo. Walichukua kokoto nyepesi zilizotengenezwa kwa kioo kilichorejelezwa, wakajaza mpaka juu, wakaweka lami, magari yakapita njia tatu kila upande huku kazi ya kudumu ikiendelea pembeni. Mvua ilipotishia lami ya mwisho walileta mtambo wa upepo wa moto wa kukaushia uwanja wa mashindano ya magari, toka Pocono, ukawa unapuliza barabarani. Hiyo ndo dharura safi: unarudisha huduma kwanza kwa kitu cha muda, cha kudumu kinakuja kwa utulivu wake.

Linganisha na Minneapolis, hukohuko Marekani. Daraja la I-35W liliporomoka tarehe 1 Agosti 2007 jioni likiwa limejaa magari, watu 13 wakafa. Pale walihitaji daraja jipya zima, na pamoja na uchungu wote ule waliendesha ushindani, timu nne, bei na ubora vikapimwa pamoja, na mkataba ulisainiwa Oktoba mwaka uleule. Miezi miwili na kidogo. Daraja lilifunguliwa tarehe 18 Septemba 2008, zaidi ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya kumaliza iliyoandikwa kwenye mkataba. Aliyeshinda ndiye aliyekuwa ghali kuliko wote, watu wakalalamika, kesi ikaenda mpaka mahakama ya juu kabisa ya jimbo, na mwaka 2010 ikaamua kwamba serikali ilikuwa sawa. Unaona kitu hapo? Waliweza kujitetea mahakamani kwa sababu kulikuwa na alama zilizoandikwa, timu kwa timu. Ukimpa mtu kazi kwa simu utapeleka nini mahakamani, rekodi ya simu?

Italia nao, Genova. Daraja la Morandi lilianguka tarehe 14 Agosti 2018, wakafa watu 43. Bunge likapitisha sheria maalumu, meya wa jiji Marco Bucci akafanywa kamishna mwenye madaraka ya kuruka taratibu nyingi za kawaida, na daraja jipya la mita 1,067 likazinduliwa tarehe 3 Agosti 2020. Hapo dharura ilitumika kwa upana kuliko kote nilikotaja. Lakini walikuwa wanarudisha daraja mahali palepale palipokuwa na daraja, na waliweka mtu mmoja mwenye jina na sura ambaye mambo yakiharibika kila mtu anajua wa kumshika.

Sasa njoo kwenye interchenji mpya, kitu ambacho hakikuwepo jana. Nimekaa saiti miaka mingi kama mkadiriaji majenzi na nakwambia tenda siyo inayokula muda mkubwa. Muda unaliwa na ardhi, maana rampu inataka nafasi na kwenye hiyo nafasi kuna watu, na watu wanadai fidia, wana haki. Unaliwa na vilivyo chini: bomba kuu la maji ambalo mchoro unasema liko mita tatu kushoto na ukichimba unalikuta katikati ya msingi wako, waya wa umeme mkubwa, mkonga wa mawasiliano ambao mwenyewe hajulikani mpaka uukate, hapo ndo anajitokeza ndani ya dakika kumi. Unaliwa na udongo. Tuta la kupandia daraja likiwekwa juu ya udongo wa mfinyanzi ulioshiba maji litashuka taratibu kwa miezi, unaweza kuliharakisha kwa kuweka mifereji ya wima ya kutoa maji na kulirundikia mzigo wa ziada juu, ila huwezi kuliamrisha. Ukiweka lami mapema, mwaka unaofuata kila gari linaloingia darajani linaruka, dung, mnalijua hilo ruka.

Na zege nalo halijui kwamba baraza limepiga kura. Zile kyubu tunazomwaga pembeni, vipande vya zege vya kupimia nguvu, sentimeta 15 kila upande, tunaziandika tarehe kwa kalamu ya rangi, zinalala kwenye beseni la maji, nyingine zinavunjwa siku ya 7 na nyingine siku ya 28, na ile ya 28 ndo ya kuapia. Kuna saruji za haraka na kuna namna ya kumwaga mihimili kiwandani huku nguzo zinajengwa saiti, na huo ndo uharakishaji wa kweli, unatoka kwenye mchoro na mpangilio wa kazi.

Ukiniuliza basi kuruka tenda kunaokoa nini kwenye mradi wa miaka miwili, mitatu, nakwambia wiki kadhaa, pengine miezi miwili. Kama ardhi haijalipwa na bomba halijahamishwa, hizo wiki kontrakta atazikaa na mitambo yake imeegeshwa, na anadai malipo ya kuegesha. Kwahiyo umeruka tenda ili uwahi kusubiri.

Bonasi ya kuwahi kumaliza si ni rushwa tu iliyopewa jina zuri? Mimi mstaafu nimefanya kazi miaka 34, sijawahi kupewa bonasi kwa kuwahi kazini.

Shikamoo mzee wangu, umenichekesha. Ila hapana, bonasi ikiwa imeandikwa kwenye mkataba kabla ya bei kutolewa na kila mshindani kaiona, siyo rushwa. Tetemeko la Northridge la tarehe 17 Januari 1994 liliangusha madaraja ya barabara ya I-10 mjini Los Angeles. Mkataba ulikuwa karibu dola milioni 14.9, siku 140, na kila siku ya kuwahi ni dola 200,000, ya kuchelewa unakatwa hivyohivyo. Walimaliza kwa siku 66. Siku 74 mara laki mbili ni milioni 14.8, kama vile wamelipwa mara mbili, na wapo waliopiga kelele. Lakini ile adhabu ilikuwepo pia, kontrakta aliweka shingo yake. Ukiona mkataba una bonasi na hauna makato ya kuchelewa, hapo nakubaliana na wewe mia kwa mia.

Mimi ninachokiogopa ni kingine, ni ule mkataba wa kulipa gharama yoyote uliyotumia halafu juu yake asilimia ya faida. Kwenye dharura unatumika sana kwa sababu hakuna muda wa kupima kazi, na saa 24 au 48 za mwanzo hauna ubaya, lazima mtu aanze. Shida ni kuuacha uendelee. Mtu anayelipwa asilimia juu ya matumizi ana sababu gani ya kubana matumizi?

Kuna kazi moja nilikuwa mkaguzi wa shiti za siku, zile karatasi za saa za mitambo na vibarua ambazo pande zote mbili zinasaini jioni. Nikaletewa shiti, kijiko namba mbili kimefanya kazi saa kumi. Nikachukua tochi nikaenda kilipoegeshwa, nikaweka kiganja kwenye boneti. Baridi, baridi ya kitu kilicholala mchana kutwa, na kwenye vyuma vya mnyororo kulikuwa na utando wa buibui, mzima, haujakatika hata uzi. Nikarudi ofisini na sikusema kitu, nikaandika sifuri pale kwenye kumi nikasaini. Msimamizi wao akaiangalia ile sifuri, akaniangalia mimi, akasema fundi leo umeamka vibaya. Ilibidi nitembee na tochi yangu kila jioni kwa miezi mitatu, na nikiwa likizo sijui nani alikuwa anagusa boneti.

Kwahiyo ukisikia mkataba wa dharura wa aina hiyo, usiishie kuuliza kontrakta ni nani. Uliza nani anasaini shiti za siku upande wa jiji, wako wangapi, na mkataba unageuzwa kuwa wa bei zilizopimwa lini.

Kazi imeshaanza, mabati yamezungushwa, vumbi linaingia mpaka chumbani. Mimi siyo diwani wala mhandisi. Kuna kitu naweza kufanya au ndo nikae kimya?

Kipo. Andika barua ya ukurasa mmoja, usiweke lawama, omba vitu vinne: azimio la baraza na muhtasari wa kikao hicho, ripoti ya mhandisi iliyotajwa kwenye azimio, mkataba au barua ya kukabidhi kazi, na makadirio ya mhandisi ya gharama. Sehemu nyingi kuna sheria ya haki ya kupata taarifa inayowapa siku maalumu za kukujibu, na muhtasari wa kikao cha wazi haupaswi kuwa siri hata pale ambapo sheria hiyo haipo. Wakikwambia mkataba una siri za kibiashara, waambie wafiche ukurasa wenye siri wakupe zilizobaki. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, ubaki nayo. Nakala ya tatu ipelekwe kwa mkaguzi wa hesabu za serikali, kwa sababu mikataba iliyoruka tenda ni kati ya vitu vya kwanza mkaguzi anavyovuta kwenye faili, na barua yako inamwambia avute faili lipi.

Kuhusu vumbi, hiyo usisubiri majibu ya barua. Kumwagilia maji barabara ya saiti kwa kawaida kumo kwenye mkataba na kunalipiwa, dharura au siyo dharura. Nenda kwa mhandisi mkazi, ofisi yake ni lile kontena lenye kiyoyozi, muulize boza la maji linapita saa ngapi na nani anasaini kwamba limepita.